Kitanda cha Askari Sadykov

Jumatatu, 1 Aprili 1985

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi. Uwe ofisa, uwe kuruta, uwe fundi wa bomba — nakusihi. Usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata yule unayekunywa naye. Lirudishe ulipolikuta, ndani ya jalada la "Viatu Vilivyochakaa 1979", rafu ya chini, ofisi ya makarani. Jalada hilo halijafunguliwa na mtu ila mimi. Nina miaka ishirini na nina mama mmoja. Sina ombi jingine.

Naandika wakati wa mapumziko ya mchana, wenzangu wakiwa bwaloni. Nisipoandika nitasema, na kusema ni hatari zaidi.

Leo Meja Lobanov, ofisa wetu wa siasa, kaniita. Ana sauti laini, kama ya daktari wa watoto. Eti nilisoma historia? Nikasema miaka miwili tu, afande, chuo cha walimu, kabla sijaitwa jeshini. Akasema inatosha. Tarehe 9 Mei inatimia miaka arobaini ya ushindi dhidi ya Wajerumani. Anataka historia ya kambi, kurasa thelathini, tena anataka wageni walie.

— Lakini walie vizuri, Chotbaev. Si kama waliofiwa. Kama waliokwenda sinema.

Ndiyo, afande. Nimesema "ndiyo, afande" mara tisa. Nilihesabu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepewa ufunguo wa stoo ya nyaraka. Vumbi na mavi ya panya. Historia ya kambi ya Karasengir, kwa ajili yangu peke yangu, ni hii:

Kwanza palikuwa mazizi ya farasi wa jeshi. Bweni letu ni zizi. Joto likipanda, ukuta unanuka mkojo wa farasi waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Halafu wakaletwa kwa treni watu waliofukuzwa makwao, katikati ya baridi, familia nzima nzima, wakalazwa humo humo kwenye nyasi. Wangapi? Ukurasa umekatwa kwa wembe, kwa unadhifu kabisa. Halafu vita: vijana wa milimani wakakusanywa hapa, wakafundishwa wiki kumi na moja, nusu yao kwa bunduki za mbao, wakapelekwa. Sasa ni sisi, kikosi cha usafirishaji. Tunasafirisha kabichi, saruji, na matofali ya bafu la mvuke la Kanali, mkuu wa kambi.

Hayo hayataingia kwenye zile kurasa thelathini.

Nilipita kwenye nyumba za maofisa. Bomba moja kwa familia arobaini. Makao makuu ya kweli ni pale: wanawake wenye ndoo wanajua nani atahamishwa kabla Kanali mwenyewe hajajua. Mmoja kanipigia kelele:

— Karani! Na sisi utuandike! Andika tumepigania maji miaka kumi na mbili, na adui bado anashinda!

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Kisha nikatazama nyuma, nione nani ameniona nikicheka.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku ya shuka.

Katika bweni la kombania ya kwanza kuna kitanda kisicholaliwa. Kiko kulia, karibu na dirisha, mahali pasipo na upepo. Blanketi jipya, mto mweupe, utepe mwekundu, picha ukutani. Ni kitanda cha Askari Temirkul Sadykov, kijana wa milimani aliyeondoka hapa mwaka 1942, akajitupa na mabomu chini ya kifaru cha adui mwezi Novemba. Ameandikwa kwenye orodha yetu milele. Kila jioni, kwenye mwito wa majina, anaitwa yeye kwanza. Askari wa kwanza kulia anajibu: "Amekufa kishujaa akiipigania nchi yetu." Ndipo tunaitwa sisi, tusiokuwa mashujaa.

Shuka la marehemu hubadilishwa kila Jumamosi. La kwetu, kila baada ya siku kumi, maji ya moto yakiwapo.

Anayefua ni kuruta. Kuruta hufua kila kitu. Hapa askari akibakiza miezi sita kurudi kwao anaitwa "babu", hata kama ana miaka ishirini na chunusi usoni. Babu hatandiki, hafui, hashoni ukosi wake. Babu mkuu wa bweni letu ni Sajenti Kravets, mikono yake kama koleo. Wenzangu wanapigwa. Mimi sipigwi. Nina mwandiko mzuri — nawachorea mababu albamu zao za kurudi nyumbani. Wenzangu wananichukia kwa hilo. Wana haki.

Meja kaja na wazo. Tuandike tangazo magazetini: yeyote aliyemjua Sadykov alete picha, barua, kumbukumbu. "Nitafutie dada," alisema. "Dada mzee, mwenye fimbo. Dada hulia kuliko mke."

Nami — hodari! — nikashauri tupeleke pia kwenye kigazeti cha wilaya yake, kwa lugha ya kwetu sisi wa milimani, maana huko juu wazee hawasomi Kirusi. Akanipiga bega. Msomi huyu! Nililala nikijiona mtu.

Jumanne, 16 Aprili

Tazama herufi hizi zilivyopinda!

Leo imekuja barua. Bahasha ya kujitengenezea, lugha ya kwetu, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Katika ofisi nzima ni mimi tu niwezaye kuisoma. Kapteni, mkuu wa ofisi yetu, kanirushia: "Hii ya kwenu." Nikafungua huku nikitafuna mkate.

Imeandikwa na Temirkul Sadykov.

Yu hai. Anachunga farasi wa shamba la serikali, bonde la juu. Ana miaka sitini na tatu. Anasema — naandika kwa kifupi — kwamba alfajiri ile ilikuwa zamu ya mwenzake, Kerim Dootov, kwenda kwenye shimo la mbele. Kerim alikuwa na homa, koti lake limeloa. Temirkul akampa lake, kavu. Hati za Temirkul zilikuwa mfukoni mwa koti. Kerim ndiye aliyekwenda chini ya kifaru. Wakaokota koti. Wakasoma jina. Asubuhi hiyo hiyo Temirkul akatekwa, akiwa na koti lenye maji lisilo lake.

Miaka mitatu kwa adui. Kisha sita kwetu, kifungoni kaskazini, kwa kosa la kutekwa. Mwaka 1951 karudi kijijini. Shule ina jina lake. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, shujaa wetu amekufa, ndugu. Kama unampenda mama yake aliye kaburini, nenda ukaishi na farasi. Akaenda.

"Sikulijua hili la kitanda," anaandika. "Nimesomewa gazeti nikacheka, kisha usingizi ukanikataa. Mimi sitaki kitu. Lakini Kerim kaandikwa 'amepotea bila habari', na nyinyi mnajua maneno hayo yana maana gani. Dada yake Sairakan yu hai. Miaka arobaini na mitatu anaitwa dada wa msaliti. Siku ya ushindi wajane na dada wa mashujaa wanakalishwa meza ya mbele, wanaimbiwa na watoto. Yeye hukaa ndani, mlango kaufunga. Mwiteni Kerim. Mara moja tu, nasi tusikie."

Tusikie — nani atasikia? Mkate ulibaki mdomoni.

Jumatano, 17 Aprili

Nimempelekea Meja. Ningefanya nini? Barua imesajiliwa kwenye kitabu cha posta.

Kaniagiza niichape kwa Kirusi, neno kwa neno, mbele yake. Nikachapa. Kasoma. Kaenda dirishani, kapulizia kioo, kakifuta kwa mkono wa shati.

— Nani mwingine anajua lugha hii hapa?

— Makuruta kadhaa, afande. Lakini hawajaiona.

— Hoshim mpishi?

— Yeye ni wa bonde jingine, afande. Anaelewa nusu.

Akaitia barua kwenye jiko, na tafsiri juu yake. Akanielezea taratibu, kama mwalimu anavyowaelezea watoto kugawanya. Kikosi kizima kimekula kiapo mbele ya kitanda kile. Kuna shule, kuna mtaa, kuna nishani. Tuseme kweli ni yule mwingine, nani atathibitisha? Mchunga farasi aliyekaa gerezani?

— Askari aliyekufa ana nidhamu, Chotbaev. Haandiki barua. Huyu anaandika, kwa hiyo si yeye.

Kisha kaniagiza nijibu. Nikajibu. "Tunakuarifu kuwa Askari T. Sadykov alikufa Novemba 1942. Madai yako hayana msingi." Muhuri. Nimemwandikia mtu barua ya kumjulisha kwamba yeye ni marehemu! Na nimeandika anwani yake juu ya bahasha, vizuri, bila kosa.

Jambo moja zaidi. Nilipochapa ile tafsiri niliweka karatasi ya kaboni. Kwa mazoea tu, naapa. Mkono wa karani. Nakala ya pili ilibaki chini ya taipureta. Sikuitaja. Iko humu, kwenye viatu vilivyochakaa.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya shuka. Nilikwenda kuangalia. Kuruta mwembamba alikuwa akikunja pembe za blanketi kwa ubao, ziwe kali kama kisanduku. Nikamuuliza unadhani huyu alikuwa mtu gani. Kanitazama kana kwamba mimi ni mwehu.

— Mtu mwenye bahati. Analala saa zote, hapigwi.

Jumapili, 28 Aprili

Meja kasahihisha rasimu; mwishowe nilithubutu kuyatia yale ya stoo. Mazizi: yamekatwa. Treni: imekatwa, na swali pembeni: "Nani kakwambia?" Bunduki za mbao zimekuwa "mazoezi makali". Bomba limekatwa. Sadykov ameongezwa kurasa nne. Sasa kabla ya kufa anasema maneno, na ni maneno marefu. Mtu mwenye mabomu kifuani hasemi maneno marefu hivyo.

Nimesahihisha alama za vituo.

Alhamisi, 2 Mei

Kaja.

Saa nne asubuhi simu ya lango ikalia. Askari wa zamu alikuwa akicheka hata hawezi kuongea:

— Karani, njoo! Kuna mzee hapa anasema yeye ndiye kitanda!

Meja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nenda. Mwambie kwa lugha yenu. Kwa heshima. Kisha aondoke."

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha lango, kofia nyeupe ya sufu magotini, miguu imepinda kwa kupanda farasi. Kanijia na kiriba kidogo cha maziwa ya farasi na viandazi kwenye kitambaa. Barua yetu ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniandikia nimekufa?

Nikaitazama ile barua mfukoni mwake.

— Mwandiko mzuri, akasema. — Mke wangu kasema, anayeandika vizuri hivi lazima mama yake ni mtu mwema. Kula. Umekonda. Mnalishwa nini humu?

— Uji wa shayiri.

— Hata sisi! Mpaka leo?

Akacheka, meno matatu. Nami nikafanya nilichotumwa. Nikamwambia hakuna ushahidi, baba, jambo limekwisha, ukirudi tena utapata taabu. Nilitazama viandazi nikisema hayo.

— Nani kakutuma useme?

— Hakuna, baba. Nasema mwenyewe.

— Basi mwenyewe unasema uongo vibaya. Aliyekutuma angekufundisha kwanza. — Akavaa kofia. — Sikiliza. Sikuja kutaka kitanda. Mtu wa umri wangu kitanda anacho. Tarehe tisa mtayaita majina uwanjani, mbele ya watu. Nitamleta Sairakan. Hatutaingia, tutasimama nje ya uzio. Uzio wenu ni wa nondo, sauti inapita. Wewe ndiye unayechapa kadi anayosoma mkubwa?

Nani kamwambia! Wale wanawake wa bombani, bila shaka. Alipita kwao kuomba maji.

— Ndiyo, nikasema.

— Basi unajua la kufanya kuliko mimi. Mimi sijasoma.

Kaenda. Nimempa Hoshim viandazi vyote.

Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia Hoshim mpishi kila kitu. Sikuweza tena. Tulikuwa tunamenya viazi, naye aliendelea kumenya.

— Profesa, akasema, — hapa mtu ana njia mbili. Anachapa jina la Sadykov, au anachapa la yule Dootov. Ukichapa la yule, unakwenda kusini.

Kusini ni ng'ambo ya mto, vitani. Wanarudi kwenye masanduku ya zinki yasiyofunguliwa. Orodha ya wanaokwenda inafungwa tarehe kumi. Naichapa mimi: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani za mama zao.

— Na wewe ungechapa lipi?

— Mimi? Mimi ni mpishi. Ningeunguza uji, watu wakaongea juu ya uji.

Leo Meja kapita mezani kwangu, kaniuliza mama hajambo. Hajawahi kuniuliza. Nikasema hajambo, afande. Akasema ni vizuri. Akasema orodha bado ina nafasi.

Jumatano, 8 Mei

Nimechapa kadi mbili. Moja ina Sadykov. Moja ina Dootov. Zote safi. Nimeziweka ubavu kwa ubavu juu ya meza, nikazitazama mpaka kengele ya chakula.

Nimempelekea Meja ya Sadykov.

Ya pili nimeichoma. Nimeandika. Sasa unajua mimi ni nani.

Alhamisi, 9 Mei. Mchana

Niandike kwa mpangilio. Kwa mpangilio!

Gwaride saa nne. Jua, bendera, Kanali na nishani, wageni wa wilaya kwenye viti, wajane meza ya mbele. Bendi. Historia yangu ikasomwa kwenye kipaza sauti, dakika ishirini na tano. Walilia. Walilia vizuri, kama alivyotaka.

Nilikuwa nyuma ya jukwaa na makaratasi. Nikaona nje ya uzio: kofia nyeupe, na pembeni yake mwanamke mfupi, shela jeupe, kashika nondo kwa mikono miwili.

Mwito wa majina. Meja mwenyewe alisoma kadi. Alikuwa amebuni jambo: akishalitaja jina, anyamaze sekunde tano kabla ya askari kujibu, ili wageni wahisi. Tulifanya mazoezi na saa mkononi.

— Askari Temirkul Sadykov!

Moja. Mbili. Tatu.

— Nipo!

Kutoka uzioni. Sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kuita farasi ng'ambo ya bonde.

Na yule kuruta mrefu wa kwanza kulia, aliyefundishwa kama kasuku, sekunde ya tano ilipofika akapaza: "Amekufa kishujaa akiipigania nchi yetu!"

Halafu — Mungu wangu! — wakapiga makofi. Wageni! Walidhani ni mchezo tumeutunga. Roho ya shujaa inaitika! Mjane mmoja alisimama akafuta macho. Kanali akamgeukia Meja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Meja akatabasamu. Akayaacha makofi yaendelee.

Mzee akaona. Akaita tena, kwa Kirusi kibovu: Nipo, mimi ni mzima, aliyekufa ni Kerim Dootov, dada yake ni huyu! Lakini bendi ilikwishaanza. Niliona askari wawili wakimshika makwapa. Sairakan hawakumgusa. Alibaki na nondo zake. Jina lilipita, sijui kama mtu alilisikia kwenye ngoma zile. Mimi nililisikia.

Alhamisi, 9 Mei. Jioni, kabla ya mwito

Nimefanya jambo.

Saa nane Sajenti Kravets kaniita korokoroni. Leo yeye ni mkuu wa zamu. Mzee kakaa ndani, anawasubiri polisi, na polisi leo wamelewa mji mzima, hawaji mpaka kesho. Meja kapiga simu kutoka karamuni: aandikwe "raia mlevi, jina halijulikani". Lakini Kravets hapendi kuandika. Mababu wote hapa mimi ndiye mkono wao.

— Andika, msomi.

Daftari la korokoroni si kama madaftari mengine. Kurasa zina namba. Limeshonwa kwa uzi, na ncha za uzi zimepigwa lakiri ya mwendesha mashtaka wa wilaya. Ukichana ukurasa mmoja umeua daftari zima, na daftari likifa kuna mtu anakwenda gerezani. Kila mwezi linakaguliwa. Na sheria imechapwa ndani ya jalada: mzuiliwa akiwa na kitambulisho, jina na namba vitaandikwa kama vilivyo.

Nikamwomba mzee kitambulisho. Akanipa. Picha, muhuri, kila kitu.

Nikaandika. Mwandiko wangu bora kabisa. "Sadykov, Temirkul. Kuzaliwa 1922. Hali: mzima, hajalewa. Sababu ya kuzuiliwa: aliitika alipoitwa jina lake. Maelezo yake: aliyekufa Novemba 1942 ni Askari Kerim Dootov, akiwa amevaa koti la mzuiliwa." Nikatia sahihi. Nikamgeuzia Kravets atie yake.

Nilidhani atasaini bila kusoma. Akasoma. Midomo yake inatembea anaposoma. Akasoma tena. Akachungulia selo kwenye kitundu, muda mrefu.

— Ndiye wa kitanda?

— Ndiye.

— Nilimfulia shuka mwaka mzima, mshenzi huyu. Kwenye barafu. Vidole hivi vilipasuka.

Nikangoja kofi. Akachukua kalamu, akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Kisha akachukua mkate wake na siagi, akaupitisha ndani.

— Kula, babu, akamwambia. Babu wa kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika haraka. Lori linaondoka saa kumi.

Meja kaliona daftari la korokoroni asubuhi. Kaligeuza, kajaribu uzi kwa kucha, kaangalia lakiri kwenye mwanga. Hakunipigia kelele. Akasema alikuwa akinipenda, alitaka kunirudisha chuoni na barua nzuri. Akaniketisha kwenye taipureta. Nikachapa jina langu kwenye orodha ya kusini, nakala tatu, na anwani ya mama. Sikukosea herufi.

Kravets kanyang'anywa cheo, kurudi kwao kumesogezwa hadi Desemba. Hajaniangalia.

Mzee bado yuko ndani. Polisi walikuja, wakasoma, wakarudi walikotoka. Hakuna anayetaka kumpokea. Hakuna anayetaka kumtoa pia, kwa sababu safu ya mwisho inasema "aliyeachiliwa: jina, aliyemwachilia: sahihi", na Kanali hataki sahihi yake ikae karibu na jina hilo. Mkaguzi wa madaftari anakuja Jumatano. Wanapigiana simu. Sairakan yuko langoni tangu jana. Wanawake wa bombani wamempelekea kiti, blanketi na chai. Mmoja wao ni mke wa Kapteni! Kapteni kamwambia rudi ndani, kamjibu, leta maji ndani nami nitarudi.

Basi, wewe uliyeokota. Nilikuomba usiseme. Sasa nakuomba useme, lakini kwa akili. Daftari la korokoroni namba 3, ukurasa wa 47, mstari wa sita. Humu ndani ya jalada kuna nakala ya barua ya mzee kwa Kirusi. Ipeleke kwa mkaguzi mkononi, si kwa posta, wala usimwachie Meja. Kama mkaguzi ameshapita, mpelekee Sairakan Dootova, kijiji cha chini ya daraja la chuma, uulize tu dada wa Kerim.

Mimi usiniandikie kwa namba ya kikosi. Barua za kule zinafunguliwa. Mwandikie mama: Burul Chotbaeva, mji wa Osh, nyuma ya kiwanda cha hariri, nyumba yenye lango la buluu. Anza kwa kumuuliza mbegu za aprikoti, atajua. Usimwambie niko wapi kabla hajakaa chini. Andika jina langu lote, Ilyas Chotbaev, kwa wino, si penseli. Majibu kutoka kule huchukua wiki sita, pengine nane. Nisipojibu, andika tena. Wakikujibu wao, mwambie mama asikubali karatasi peke yake. Adai afungue sanduku. Mwambie adai —

Wananiita